Namna ya Kuchagua, Kupakia na Kutunza Kigari cha Mizigo cha Daraja la Kwadrisaikli

Kati ya pikipiki ya magurudumu matatu na gari la kawaida la mizigo kuna daraja la vyombo ambavyo watu wengi huvinunua kabla ya kuvielewa. Ni vigari vya magurudumu manne, vyenye nafasi ya mtu mmoja au wawili na bodi au sanduku la mizigo nyuma, na ambavyo sheria za Ulaya haziviweki pamoja na magari bali huviweka katika familia moja na pikipiki. Daraja hilo huitwa kwadrisaikli. Mwenye duka anayesambaza bidhaa mitaa ya karibu, fundi anayezunguka na vifaa vyake, au mtunza bustani anayehama na mashine na majani yaliyokatwa, anaweza kuhudumiwa na kigari cha namna hii vizuri kuliko gari kubwa, ilimradi akichague na kukiendesha kwa kufuata uzito. Daraja lenyewe limeundwa kwa kilo, na makosa mengi yanayofanywa kuanzia siku ya kununua hadi siku chombo kinapokatika springi ni makosa ya kilo.

Soma hati kabla ya kutazama rangi

Masharti ya daraja hili yameelezwa kwa kina katika Kanuni namba 168 ya mwaka 2013 ya Umoja wa Ulaya. Kanuni hiyo ina makundi mawili. Kundi jepesi, ambalo kwenye hati huandikwa L6e, haliruhusiwi kuzidi mwendo wa kilomita 45 kwa saa, na uzito wa kigari kikiwa tayari kwa safari hauzidi kilo 425. Kundi zito, L7e, lina kikomo cha kilo 450 kwa vigari vya abiria na kilo 600 kwa vile vya mizigo, na nguvu ya mota isiyozidi kilowati 15. Kigari cha kundi jepesi chenye kebini hupewa nguvu isiyozidi kilowati 6 na urefu usiozidi mita 3, ilhali mwenzake wa kundi zito anaweza kufika mita 3.7 na mwendo wa kilomita 90 kwa saa. Vyote viwili havizidi upana wa mita 1.5, na hapo ndipo ulipo uwezo wao wa kupenya njia nyembamba, na pia ndipo unapoanzia udhaifu wao wa kupinduka, jambo nitakalolirudia katika sehemu ya kupakia.

Katika hati tafuta herufi U mwishoni mwa jina la kundi, yaani L6e-BU au L7e-CU. Herufi hiyo inaonyesha kwamba chombo kimesanifiwa kwa ajili ya mizigo: bodi yake ni bapa na imelala sawa, na eneo lake linazidi asilimia 30 ya eneo lote la kigari ukizidisha urefu kwa upana. Vipo pia vigari vilivyoanza kama vya abiria kisha kiti kimoja kikaondolewa na kuwekwa sanduku. Citroën Ami Cargo, iliyotoka mwaka 2021, ni mfano unaojulikana: inabeba kilo 140, ina betri ya kilowati-saa 5.5, na mwendo wake unakomea kilomita 45 kwa saa. Renault Twizy Cargo nayo iliweka sanduku la lita 180 mahali pa kiti cha nyuma. Vyombo hivi vinafaa vifurushi, dawa, barua na vifaa vya fundi mmoja. Havifai saruji, magunia ya nafaka wala mitungi ya gesi kwa wingi, na muuzaji anayekuambia kinyume chake anauza tu.

Usivichanganye pia na malori madogo ya Kijapani yaitwayo kei. Hayo yana injini isiyozidi sentimita za ujazo 660 na urefu usiozidi mita 3.4, na ukiyatazama kwa mbali utadhani ni ndugu wa kwadrisaikli, lakini kisheria ni magari kamili yenye masharti yake. Tofauti hiyo inagusa leseni, bima, ukaguzi na barabara unazoruhusiwa kupita. Kwa utaratibu wa Ulaya, kwa mfano, kundi jepesi huendeshwa kwa leseni ya AM, ambayo umri wake wa kawaida wa kuanzia ni miaka 16 ingawa nchi zinaweza kuupunguza au kuuongeza, na kundi zito huhitaji leseni ya B, ile ya gari la kawaida, au B1 katika nchi zinazoitoa. Kabla hujalipa chochote, peleka nakala ya hati kwa mamlaka ya usajili na kwa kampuni ya bima, uulize chombo kitaandikishwa katika daraja gani na kama kazi ya kubeba mizigo kwa malipo imo ndani ya bima hiyo. Jibu lipokee kwa maandishi.

Hesabu ya kilo ambayo haimo kwenye tangazo

Hapa ndipo ningependa msomaji atulie, kwa sababu hakuna sehemu inayowaumiza wanunuzi kama hii. Ule uzito wa kilo 425 au 600 unaotajwa na kanuni haujumuishi betri zinazoendesha kigari. Haujumuishi dereva, anayehesabiwa kuwa na kilo 75. Haujumuishi hata mashine au vifaa vilivyofungwa juu ya bodi ya mizigo. Kwa hiyo kigari kinachotajwa kuwa na kilo 600 kinaweza kusimama juu ya mzani kikiwa na kilo 900 au zaidi kabla hujaweka hata boksi moja.

Namba unayoihitaji ni uzito wa juu kabisa wa kigari kikiwa kimepakiwa, ambao huandikwa kwenye kibati cha mtengenezaji. Anza na namba hiyo, kisha toa kimoja baada ya kingine. Tuseme kibati kinasema kilo 1,400. Toa kilo 600 za kigari chenyewe, zinabaki 800. Toa betri za kilo 200, zinabaki 600. Toa dereva wa kilo 75, zinabaki 525. Kama umefunga sanduku la kufungika lenye rafu, na sanduku hilo lina kilo 110, umebakiwa na kilo 415. Akipanda msaidizi wa kilo 75, mzigo wako halali ni kilo 340. Aliyenunua kwa kuamini kwamba anabeba nusu tani ataendesha siku zote akiwa amezidisha, na hatajua mpaka tairi za nyuma zianze kulika upande au breki zianze kuchelewa.

Njia iliyo salama kuliko hesabu ya karatasini ni kukipeleka kigari kwenye mzani kikiwa kama kitakavyokuwa kazini: dereva ndani, sanduku limefungwa, vifaa vya kila siku vimo. Pima kwanza magurudumu ya mbele peke yake, kisha ya nyuma peke yake, kwa sababu kila ekseli ina kikomo chake kwenye kibati, na ekseli ya nyuma hujaa mapema kuliko jumla. Andika tofauti iliyobaki kwa wino usiofutika ndani ya mlango wa sanduku ili kila anayepakia aione. Kanuni ya Ulaya yenyewe inaweka ukomo wa mzigo wa kilo 1,000 kwa L7e-CU, lakini huo ni ukomo wa daraja zima, si ahadi ya kigari chako.

Ipime njia, hasa milima yake

Mwendo wa juu ulioandikwa kwenye tangazo hupimwa kwenye barabara tambarare. Mlima ni habari nyingine. Kigari chenye jumla ya kilo 800 kikipanda mwinuko wa asilimia 10 kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa kinahitaji zaidi ya kilowati 4 kwa ajili ya kuinua uzito peke yake, bila kuhesabu msuguano wa tairi wala upepo. Kingetaka kupanda mwinuko huohuo kwa kilomita 45 kwa saa, kingehitaji karibu kilowati 10. Kigari cha kundi jepesi chenye kilowati 6 hakina nguvu hiyo, kwa hiyo kitapanda polepole na kujenga foleni nyuma yake, huku mota na kidhibiti chake vikipata joto. Ikiwa njia yako ina miinuko mirefu, nunua kundi zito au achana na daraja hili kabisa. Kwa maoni yangu hakuna nafasi ya kati hapo.

Pita njia yote kwa chombo kingine kabla ya kununua, ukiwa na mambo machache akilini: mwinuko mkali kuliko yote uko wapi, na je, utaupanda ukiwa umejaa au mtupu, kuna kipande cha barabara ambacho magari yanakwenda kasi na hakina njia ya pembeni, na milango ya kuingilia kwa wateja ina upana gani. Vigari vya kundi jepesi kwa kawaida haviruhusiwi kwenye barabara kuu za mwendo wa kasi barani Ulaya, na hata pale ambapo sheria iko kimya, chombo cha kilomita 45 kwa saa hakina haki ya kuwa katikati ya malori yanayokwenda mara mbili ya mwendo wake.

Kuhusu umbali kwa chaji moja, chukua tarakimu ya mtengenezaji na upange kazi kwa theluthi mbili zake. Mzigo, milima, kusimama na kuondoka mara kwa mara, baridi na umri wa betri hula theluthi ile iliyobaki. Ukikuta kwamba theluthi mbili hazitoshi mzunguko wa siku, angalia kama kuna mahali pa kuchaji katikati ya siku wakati wa kupakia upya.

Betri au injini

Bado vipo vigari vya daraja hili vyenye injini ndogo za dizeli za silinda mbili, na kwa kazi ya masafa marefu mbali na umeme vina hoja yao. Kwa usambazaji wa mjini, wenye vituo vingi vya karibu karibu, umeme unafaa zaidi, kwa kuwa mota haiungurumi bure wakati dereva anashusha mzigo na inatoa nguvu kubwa ya kuondokea tangu gurudumu linapoanza kuzunguka.

Betri za asidi na risasi ni rahisi kununua na nzito kubeba. Zinahifadhi kama wati-saa 30 hadi 40 kwa kilo moja, ilhali za lithiamu za aina ya chuma na fosfeti hufika 90 na kuendelea. Kwa chombo ambacho kila kilo ina maana, tofauti hiyo ni mzigo wa wateja unaoachwa dukani. Betri za asidi pia huharibika zikiachwa zimeisha: chembe ngumu za salfeti hujijenga kwenye bamba zake na uwezo haurudi. Ukiwa nazo, zichaji kila jioni hata kama umetumia kidogo, na usizishushe chini ya nusu kwa mazoea. Ukiwa na lithiamu, uhuru ni mkubwa zaidi, isipokuwa usizichaji zikiwa chini ya nyuzi joto sifuri, na usikiache kigari siku nyingi kwenye jua kali kikiwa na chaji kamili.

Soketi ya kawaida ya ampia 16 na volti 230 inatoa kama kilowati 3.7, nayo inatosha betri nyingi za daraja hili kwa usiku mmoja. Hakikisha ina waya wa ardhini unaofanya kazi na kikata umeme chake. Kama lazima utumie waya wa kuongezea, chagua mnene, ufupi, na uukunjue wote; waya uliozungushwa kwenye kibiringo huku ukipitisha umeme mwingi kwa saa kadhaa hupata joto la kuyeyusha ganda lake. Gusa plagi baada ya nusu saa ya kwanza. Ikiwa ya moto, acha kuchaji na umwite fundi umeme.

Kupakia

Kigari chembamba kinaadhibu upakiaji mbaya haraka kuliko gari pana. Vizito viwe chini na viegemee ukuta wa mbele wa bodi, karibu na kebini; vyepesi viwe juu na nyuma. Sababu ya kukwepa nyuma inaonekana wazi ukiipigia hesabu. Chukua kigari ambacho umbali kati ya ekseli mbili ni sentimita 180. Ukiweka kilo 100 sentimita 40 nyuma ya ekseli ya nyuma, magurudumu ya mbele yanapunguziwa kilo 22, na ekseli ya nyuma inabeba kilo 122. Usukani unakuwa mwepesi, kona inachukuliwa kwa upana kuliko ulivyokusudia, na kwenye mlima hali inazidi kwa kuwa uzito wote unalalia nyuma. Dereva anayehisi usukani umelegea baada ya kupakia asiendelee na safari. Ashuke apange upya.

Pande mbili zilingane pia. Mtungi mmoja au mashine moja nzito iwe katikati, na kama haiwezekani, iwekewe mwenzake wa uzito upande wa pili. Mizigo inayocheza, kama vile maji kwenye tangi lililojaa nusu, ni hatari zaidi kuliko mizigo mizito iliyotulia, kwa maana kwenye kona hukimbilia upande uleule ambao kigari kinataka kulalia. Tangi lijae au liwe tupu.

Funga kwa mikanda yenye kikaza, iliyoshikwa kwenye vishikizo vya bodi na si kwenye kingo za kukunjwa, ambazo bawaba zake hazikutengenezwa kwa kazi hiyo. Turubai huzuia vumbi na mvua, halizuii mzigo. Baada ya mwendo wa dakika chache za mwanzo simama ukaze tena, kwa sababu maboksi na magunia hujipanga yenyewe na mikanda hulegea. Mwishowe zunguka kigari: taa za nyuma na namba ya usajili zisifunikwe, na dereva aweze kuona kwa vioo vyote viwili vya pembeni.

Kuendesha

Muundo wa vigari hivi haukupitishwa kwenye majaribio ya kugongana ambayo magari hulazimika kuyafaulu. Euro NCAP, shirika la Ulaya linalopima usalama wa magari kwa kuyagongesha, ilivijaribu vigari vya abiria vya daraja hili mwaka 2014 na tena 2016, kwa mgongano wa kilomita 50 kwa saa, na matokeo hayakuwa ya kufariji. Bajaj Qute katika jaribio la 2016 ilipata nyota moja. Kwa kawaida hakuna mifuko ya hewa, na breki zinazozuia magurudumu yasijifunge (ABS) hazitegemewi kuwemo. Kwa hiyo mkanda ufungwe hata kwa safari ya mita 200 kutoka mlango hadi mlango, na hakuna mtu kukaa kwenye bodi ya mizigo kwa sababu yoyote.

Nishati ambayo breki hulazimika kuimeza huongezeka kwa mraba wa mwendo: kigari kinachokwenda kilomita 45 kwa saa kina nishati mara mbili na robo ya kile kinachokwenda 30. Ukiwa umejaa, kona na miteremko ipite kwa 30 au chini yake. Kwenye mteremko mrefu mota ya umeme husaidia kupunguza mwendo huku ikirudisha chaji, lakini ikiwa betri imejaa haina pa kuuweka umeme huo, na msaada wake hupungua au hutoweka. Anayeanza siku kwa mteremko akiwa na chaji kamili ajue kwamba asubuhi hiyo anategemea breki za magurudumu peke yake. Kigari cha umeme pia hakisikiki. Katika kurudi nyuma uani au mbele ya duka, dereva ashuke aangalie kwanza, kwa sababu mtoto aliye nyuma ya sanduku haonekani kwenye kioo chochote.

Matunzo

Upepo wa tairi upimwe kila wiki tairi zikiwa baridi. Tairi za vigari hivi ni ndogo, zina hewa chache, na upungufu mdogo huonekana upesi katika usukani na katika matumizi ya chaji. Fuata kipimo cha mzigo kamili kilichobandikwa kwenye fremu ya mlango. Nati za magurudumu zikazwe kwa spana yenye kipimo baada ya kila kubadilisha tairi na tena baada ya safari chache.

Breki ziangaliwe mapema kuliko ambavyo umbali wa safari unaonyesha. Kigari cha kusambaza kinaweza kwenda kilomita chache kwa siku na bado kusimama mara nyingi mno. Pale ambapo mota ndiyo inayofanya kazi kubwa ya kupunguza mwendo, tatizo hugeuka: diski na ngoma hazitumiki vya kutosha, zinashika kutu, na siku ya dharura upande mmoja unashika na mwingine unateleza. Dawa yake ni kukanyaga breki kwa nguvu mara kadhaa kila wiki mahali peupe na salama. Mafuta ya breki hunyonya unyevu hewani, kwa hiyo yabadilishwe kila baada ya miaka miwili isipokuwa mtengenezaji ameagiza vingine.

Chini ya bodi tazama springi, shokapu na sehemu zilizoungwa kwa kuchomelewa. Ufa mwembamba wenye mstari wa kutu karibu na kishikizo cha springi ni dalili ya mzigo kuzidi kwa muda mrefu, na kuuchomelea bila kupunguza mzigo ni kuahirisha tu.

Ukinunua kilichotumika

Fanya uchunguzi huohuo wa chini ya bodi, kisha omba ukiendeshe kikiwa kimepakiwa, si kitupu. Kianze na chaji kamili, pita njia uliyoipima, na uandike kilomita ulizokwenda geji ya chaji inapofika nusu. Nusu ya pili huisha haraka kuliko ya kwanza kama betri imechoka, kwa hiyo endelea hadi robo. Linganisha namba kwenye kibati na namba kwenye hati ya usajili, na uzito kwenye kibati na ule wa mzani. Kama sanduku liliongezwa baadaye na hakuna karatasi inayoonyesha uzito wake, lishushwe lipimwe peke yake kabla hamjazungumza bei.